Vigingi

Cha kumi na saba nimekipiga saa mbili kasorobo,
nyasi bado zina maji, soksi zimelowa.
Kigingi cha mti, utepe wa rangi ya chungwa,
nambari kwa wino usiofutika:
hapa ndipo jiko la nyumba ya tatu,
hapa, ambapo farasi wa Bibi Threlfall
alikuwa akijikuna mgongo kwenye nguzo ya ua.

Ukanda wa kijani. Ndivyo ramani ilivyouita
tangu sijazaliwa. Ukanda, kama wa suruali,
kiunoni mwa mji, usije ukatanuka.
Mji ukala, ukanywa, ukazaa,
na matundu ya ukanda yakaisha.

Mama yangu alikuwa mmoja wa walioukaza.
Enid Cropper, taipureta juu ya meza ya chakula,
barua mia mbili na kumi na moja kwa halmashauri,
nakala za kaboni zikitutia weusi vidoleni
sisi watoto tuliolamba stempu kwa zamu.
Ulimi wangu unaukumbuka ushindi ule:
una ladha ya gundi.

Sasa mwanangu Joel anaishi juu ya duka la chipsi,
yeye na Shazia na mapacha,
chumba kimoja na nusu,
na hiyo nusu ni ngazi.
Ukungu umepanda ukutani nyuma ya kitanda
kwa umbo la nchi ambayo hakuna aliyeipa jina.
Ayla akikohoa usiku, mama yake huhesabu kimoyomoyo
kama mtu aliyeona umeme na sasa anangoja radi.

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi.
Huku wajenzi wamefika,
na miti ndiyo inayotakiwa ijieleze.

Ilijieleza, kwa vinywa vya watu, ukumbini mwa kanisa,
Alhamisi, chai ya bure, viti vya plastiki.
Mmoja alizungumzia magari,
mwingine mafuriko ya mto, na alikuwa na picha.
Mzee wa gwaride la wazima moto alilia kwa ajili ya nungunungu
na sikumcheka; nami nimewahi kumvusha mmoja barabara
ndani ya kofia yangu.
Kisha muuguzi mmoja, sare bado mwilini, akauliza
hizo nyumba za familia zitauzwa pauni ngapi,
na familia ipi hiyo.
Mwenyekiti akapekua karatasi.
Akapekua tena.

Cha kumi na nane sikukipiga.
Nilikuwa nimeinua nyundo
ndege akachomoka miguuni pangu, kipozamataza,
akapanda moja kwa moja akiimba kama aliyekasirika,
na pale chini, kwenye kikombe cha majani makavu,
mayai manne yenye madoa
kama karatasi iliyomwagikiwa chai.
Nikasogea hatua tatu. Nikapiga pale.
Kwenye daftari nikaandika: *mwamba*.
Hakuna mwamba katika shamba hili zima.
Hadi Julai, jiko la nyumba ya tatu
litakuwa limepinda kidogo,
nami nitakuwa mwongo kidogo.

Jioni nikapita kwa mama, makao ya wazee,
dirisha lake linatazama huko huko.
Ameziona tepe. Macho bado anayo.
“Mmefika wapi?”
“Jikoni,” nikasema.
Akanyamaza muda wa kutosha chai kupoa,
mkono ukisugua blanketi
kana kwamba kuna wino wa kufuta.
“Shazia ni mrefu,” akasema.
“Waambie sinki wasiliweke chini sana.
Mgongo utamuuma.”

Nilikuwa nikivaa koti aliponiita tena.
Anataka kalamu. Anataka bahasha na stempu.
Sikuuliza barua ni ya kukubali au ya kukataa.
Nikampa stempu.
Akaitoa ulimi, nikamzuia polepole:
za siku hizi hazilambwi, mama.