Ua

Saa nne usiku, Isevya. Umeme umerudi.
Nafungua kompyuta ya mtumba, kitufe cha M kimeng'oka,
naingia shambani kupalilia.

Humu nimepanda ninayojifunza,
kila jambo na tuta lake, njia wazi kwa yeyote:
namna ya kupaka chokaa isibanduke,
tofauti ya michembe na matobolwa,
hesabu za riba zilizonishinda kidato cha pili
na sasa zinaanza kunisalimia.
Mengine ni miche tu, sentensi moja na nusu.
Mengine yamekauka; sijayang'oa,
huenda mizizi i hai.

Shemeji Mihambo alisoma, akacheka:
"Watu huficha ujinga wao kama deni,
wewe waumwagia maji!"
Sikumjibu. Usiku ule nikafungua tuta jipya:
"Ujinga, na jinsi ya kuumwagilia."
Halijaota bado.

Mwaka juzi niliandika kwamba mninga na mkurungu
ni mti mmoja wenye majina mawili.
Nyamizi, seremala wa Ipuli, sijawahi kumwona uso,
akaniachia mstari:
"Njoo uone maranda yangu. Wekundu wa mkurungu haukai kimya."
Kosa langu nimelikata kwa wino, sikulifuta,
apitaye alione jiwe nililojikwaa.

Sikulizungushia ua,
nikapata ua,
na aibu niliyoiogopa haikuniua.

Tuta moja tu nilikuwa silipitii.
Bibi alikuwa na neno la Kinyamwezi
la harufu ya vumbi likipigwa na mvua ya kwanza.
Alilisema mlangoni, mikono ina unga,
nami nilikuwa natafuta chaja.
Tulimzika Aprili, yeye na neno lake.
Nikaandika: "Harufu ile. Neno?"
na alama ya kuuliza ikabaki imesimama
kama mundu uliosahauliwa shambani.

Misimu mitatu.
Jana mtu wa Kaliua kaniandikia neno moja,
na chini yake:
"Mama alikuwa akisema hivi. Sina hakika na herufi ya mwisho."

Nalitamka polepole,
kwa a, kisha kwa e.
Novemba, bati limeanza kugongwa.
Naacha dirisha wazi,
nalipanda neno tutani,
na ule mundu nausogeza mbele kidogo,
hadi kwenye herufi ya mwisho.