Safu ya Umri

Kazi yangu ni kuosha vigae.
Mswaki, beseni, maji ya kisima, jua la Tumbe.
Kikikauka nakipaka rangi ya kucha isiyo rangi
niliyonunua Konde
(mwenye duka kaniuliza: harusi ya nani?)
na juu yake naandika kwa wino,
herufi ndogo kama mayai ya chawa:
shimo la tatu, tabaka la saba, nambari mia nne na kumi.
Mfinyanzi hulia gaeni, wamesema.
Mie gae ndilo linalonilisha,
elfu kumi na tano kwa siku, Ijumaa nusu.

Vigae vya kigeni vina kisanduku chao.
Vya kijani, vya samawati, vinang'ara kama jicho la samaki mbichi,
vimelazwa juu ya pamba.
Vyetu vimo guniani, gunia la unga wa ngano,
elfu na ushei, vyekundu, vyeusi kwa masizi,
vyenye pembetatu shingoni
zilizochorwa kwa ncha ya kitu
(kijiti? mfupa? ukingo wa kombe?)
na mkono uliokuwa na haraka.

Bwana Suwedi wa Makumbusho hupima unene wa kila kimoja,
kisha huchungulia kisanduku.
"Hiki cha kijani kimetoka Ghuba, karne ya tisa.
Na hiki chenu kilikuwa ubavuni mwake.
Basi nacho karne ya tisa."
Nikaandika.
Usiku sikupata usingizi upesi.
Mwenyeji kupewa umri na mgeni!
Kama mtoto asiye na cheti,
kazaliwa "mwaka ule ilipokuja meli".

Ijumaa moja shangazi Bikombo kaniletea chakula.
Arubaini miaka kafinyanga
hata sufuria zikamnyima wateja.
Hakuomba ruhusa. Kachukua kigae nambari mia nne na kumi,
kakigonga kwa kucha, kasikiliza,
kakimega pembeni
(Bwana Suwedi akaruka kama kakanyaga kaa)
na pale palipomegeka akalamba.
"Udongo wa Kidongoni. Upande wa chini, penye mikangaga.
Umetiwa gae la kusagwa ili usipasuke."
"Na umri wake, mama?" Kalamu tayari.
"Umri sijui. Kwao napajua."

Akakigeuza.
Ndani, shavuni mwa chungu,
palikuwa na alama ya gumba, imepinda kushoto.
Akatia gumba lake.
Likaingia, halikupwaya, halikubana.
"Hiki changu," akasema.
"Mwaka wa kipindupindu. Kilipasuka motoni, mvua ilinivamia,
nikakitupa huku huku. Wallahi changu.
Mie hushika chungu kwa kushoto,
na pembetatu hizi kanifunza mama,
naye hakusema kafunzwa na nani."

Bwana Suwedi alicheka kwa adabu.
Kigae kimetoka kimo cha mtu kwenda chini,
chini ya sakafu ya chokaa isiyo ufa.
Makaa yaliyokuwa karibu nacho yalipelekwa Ulaya,
yakakaa miezi mitano,
jibu likaja karatasi moja:
miaka elfu na mia moja, zidi au pungua arubaini.

Nilimsomea shangazi jikoni, anachagua mchele.
Alinyamaza mpaka akatoa kijiwe.
"Basi hiyo arubaini," akasema, "ndiyo yangu."

Fomu ina safu tano.
Asili: Kidongoni, chini, penye mikangaga.
Hapo Bwana Suwedi hakupinga, kaenda mwenyewe
karudi na matope magotini na udongo kwenye mfuko.
Umri: nimeandika wa Ulaya.
Maelezo: mfinyanzi wa kushoto.
Nikataka kuongeza neno,
safu ilikuwa finyu.

Nambari imekauka, kigae kimerudi guniani.
Pale alipolamba
sijapaosha.