Taa Zikiwaka

Siku ya tatu sindano ilipanda tena hadi penye wekundu.
Nikaegesha Pijo kando ya barabara ya Aceguá,
nikafungua boneti kwa ncha ya shali,
nikisubiri mvuke.
Mvuke haukuwapo.
Upepo wa Julai tu, na ng'ombe wawili nyuma ya seng'enge
wakinikodolea macho kama wauguzi wanafunzi.

Olegario, fundi wa Melo, hakushika hata spana.
Alichungulia geji dirishani, akapiga mluzi:
"Gasketi ya kichwa, Nélida. Injini imekwisha hiyo."
Akataja bei. Kwa bei ile
ningezikwa mara mbili, na chenji ikabaki.

Lakini mimi nimeshika vipimajoto miaka thelathini na minane,
wodi ya watoto,
na kila binti mpya nilimwambia neno moja:
usikitibu kipimo. Mguse mtoto.

Basi nikaigusa.
Mpira wa juu wa rejeta: moto, moto wa haki,
wa kushikika ukihesabu hadi mbili.
Harufu ya vumbi na oili kuukuu, hakuna zaidi.
Kesho yake, injini ingali baridi, nikafungua kifuniko,
nikatumbukiza kipimo changu cha kupikia maziwa ya sukari,
nikawasha, nikakaa juu ya ndoo
nikifyonza chai yangu chungu kwa mrija.
Themanini na nne. Ikatua hapo.
Na ndani, sindano imesimama katikati, adabu tele.

Uani mzima, barabarani mahututi.
Nawajua watoto wa namna hii.
Wengi wao hawataki shule.

Nikachomoa waya wa sensa: sindano ikaanguka kwenye baridi.
Nikaugusisha kwenye chuma cha injini, mara moja tu:
ikaruka hadi wekundu. Geji inasikia, basi.
Nikaifungua sensa yenyewe, nikaichemsha sufuriani,
mita ya umeme imeing'ata mkia,
na kadiri maji yalivyopata moto namba zilishuka,
taratibu, bila kuruka,
kama shahidi asiye na cha kuficha.
Nikairudisha mahali pake. Nilikaribia kuiomba radhi.

Giza likanikuta mikono ina grisi.
Injini inanguruma; nikawasha taa
nipate kuiona spana namba kumi iliyoangukia majanini.
Nilipoinua macho, sindano ya joto ilikuwa inapanda.
Na ya petroli nayo!
Nikazima: zikashuka. Nikawasha: zikapanda.
Tangi linajaa kwa kuwasha taa.
Nchi gani ina muujiza wa bei rahisi hivi?
Nilicheka peke yangu hadi mbwa akaondoka.

Wawili wakiumwa siku moja, usiwachungulie ndimi.
Chungua chungu walichokula.

Nikajilaza chali chini ya usukani, tochi mdomoni,
miguu nje kwenye umande.
Nyuma ya dashibodi, waya mweusi wa ethi,
skrubu moja, kutu ya kijani,
na kuizunguka, plasta.
Plasta ya hospitali. Ya pinki, ile tuliyoletewa mwaka mmoja tu,
mwaka wa tisini na nne, kisha ikasitishwa.
Niliiba roli mbili, nikaziweka kwenye droo ya Heber.

Kwa hiyo alijua.
Aliufunga ugonjwa wa gari akanyamaza,
akaendesha miaka yote ile akigonga dashibodi kwa vidole,
nami nikidhani anapiga mdundo.
Ndivyo alivyonyamaza pia kuhusu ule uvimbe,
na mimi muuguzi, kitanda kimoja,
sikumgusa palipostahili.

Niliibandua plasta kwa kucha.
Nikasugua chuma kwa msasa hadi kikang'aa kama sarafu,
nikakaza skrubu, nikawasha taa.
Sindano ya joto haikutikisika.
Ya petroli ilikuwa imelala karibu na sufuri, ukweli mtupu,
na kituo cha Melo hufungwa saa tatu.