Gundi Haina Bosi

Walimfuata Kiboriloni, jeneza likiwa nusu.
Fundi Ndesario alikuwa anapiga randa ubavu wa mkangazi,
marehemu wa Kibosho akingoja Jumamosi,
kijana wa uwanjani akasema kabla hajashuka pikipiki:
"KIA kuna jeti bovu. Wanatafuta seremala."

Tulicheka. Jeti na seremala, wapi na wapi?

Yeye aliweka randa chini,
akapangusa vumbi kwenye nyusi.
"Beba jiliwa zote nne,
na ile gundi isiyoogopa maji."

Ilikuwa ndogo. Hilo ndilo lililonishtua.
Nilitarajia dubwana, nikakuta kitu cha kimo cha ng'ombe,
tumbo karibu na lami,
nyuma imegawanyika kama manati.
Rubani, mama mwenye mvi fupi, alisema
zilitengenezwa kwa maelfu, dunia ikijifunza kuruka bila pangaboi.
Zikaenda vitani. Zikauzwa kwa kilo.
Nyingine zimetundikwa nguzoni mbele ya kambi,
kunguru wanaatamia kwenye kiti cha rubani.
"Zinazoruka bado..." akanyoosha vidole vya mikono yote,
akakunja kimoja kimoja,
na vingine vikabaki wima.

Fundi hakuwa anamsikiliza.
Alikuwa anagonga,
kwa kifundo cha kidole, toka puani kurudi nyuma,
ngo, ngo, ngo,
kama anayechagua fenesi sokoni Mbuyuni,
hadi palipoitika *pu*.
"Hapa. Tangu lini mti ukalazwa nje kwenye mvua?"

Chini ya rangi ya fedha, mbao kweli:
ngozi tatu, ya katikati laini kama mkate.
Aliunusa. Akaulamba.
"Huu haukuota kwetu," akasema,
kwa adabu, kama anayetambulishwa kwa shemeji.

Usiku kucha nilishika tochi.
Alikata kiraka kwa mshazari mrefu,
nyuzi zikalala juu ya nyuzi,
akakaza jiliwa robo mzunguko, robo tena.
Rubani akauliza, itachukua muda gani?
"Gundi haina bosi."
Kisha, baada ya kimya: "Imezaliwa lini?"
"Arobaini na tisa."
"Mdogo wangu huyu."
Akajifunika koti, akalala chini ya bawa.

Asubuhi haikunguruma. Ilipiga filimbi,
birika lililosahauliwa jikoni,
na moshi wake ulinuka koroboi la bibi,
mafuta ya taa yale yale.
Ikakimbia, ikakimbia mno, ikanyanyuka.
Sote tulitazama ndege.
Yeye alitazama kiraka,
hata kilipokuwa hakionekani tena.

Karibu na Boma Ng'ombe akauliza, macho dirishani:
"Wale waliopigwa nayo zamani,
masanduku yao alichonga nani?"

Sikuwa na jibu.
Kesho ni Jumamosi,
na ubavu wa pili bado.