Siku za Kusubiri

Mwaka wa ishirini na tatu huu nanyunyizia zabibu Hombolo.
Bomba la lita kumi na tano limenichimba mfereji begani.
Nayajua matone: hayatendi haki.
Jani lililokunjika hunywa mara tatu,
la jirani halipati hata harufu.

Kwa hiyo Sechelela wa maabara aliponiambia,
"Baba Nyemo, hii si bangi.
Ni majani tu, hata mbuzi angeyapita,
yamemwagiwa kemikali kwenye beseni, yakaanikwa,"
sikuhitaji mchoro.

Nikauliza kipimo.
Akacheka kidogo, si kwa furaha.
"Kipimo gani, baba? Msokoto wa Ijumaa moshi mtupu.
Wa Jumamosi, paketi ileile, ukamwangusha."

Ukamwangusha Nkuhungu, nyuma ya duka la vipuri,
meno yamebana, kisigino kinapiga vumbi
kama mtu anayetwanga uwele kwa mguu.
Wenzake walikimbia. Mmoja alirudi, Mungu ampe,
akamlaza ubavu.

Mkojo ulipopimwa, kijiti kikasema: safi.
Kijiti kinatafuta bangi, na bangi haikuwemo.
"Wakiipiga marufuku molekuli hii," alisema Sechelela,
"watengenezaji wanaikata mkia, wanaishonea mwingine,
inarudi na jina jipya
kama mdaiwa aliyehama mtaa."

Bangi, alisema, hubisha hodi ubongoni,
ikafunguliwa nusu.
Hii husukuma mlango hadi bawaba zing'oke.
Moyo mia na sabini kwa dakika. Figo zikagoma.
Siku nne mwanangu aliniita afande,
akanisihi nisimpeleke.

Paketi nimeitunza. Ina picha ya simba mwenye miwani,
na chini, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa:
"Si kwa matumizi ya binadamu."
Wamejikinga wao.
Hata kopo langu la dawa ya ukungu lina adabu kuliko hilo:
limechora fuvu,
limeniambia nifunike pua, ninawe,
na nikishanyunyizia
nisubiri siku ngapi kabla ya kuchuma.

Jana Nyemo alikaa mkekani akimenya karanga.
Alisahau jina la dada yake, akalikumbuka,
akasahau karanga.

Daktari anasema tusubiri.
Namuuliza siku ngapi.
Anatazama dirishani, upepo wa Agosti unapitisha vumbi.

Kwenye kopo ingeandikwa.