Haina Dirisha

Miaka sita programu ya maziwa iliishi dirishani:
dirisha jeusi, maandishi meupe,
na karatasi juu ya skrini, mwandiko wa Gunvaldis:
USIFUNGE.
Ukitoka kwenye akaunti, inakufa.
Umeme ukipepesa, inakufa,
na matangi yapoe yasipoe, nani ajuaye?

Februari, Alūksne imezikwa kwa theluji,
mfagizi aliifunga. Alidhani anasaidia.
Asubuhi lita elfu nne zikamwagwa mferejini,
na Velga akabaki na kompyuta, wawili tu.

Akaisajili iwe huduma.
Amri moja, ndefu kama foleni ya benki;
alama za kunukuu zikamkosesha mara tatu.
Kuanza: yenyewe.
Ikianguka: iinuliwe baada ya dakika moja.

Sasa haimngoji mtu aketi.
Huamka kabla ya nywila, kabla ya kahawa.

Ila huduma nayo huulizwa: unaingia kwa jina la nani?
Velga akafungua mipangilio ya kale, akamkuta
Gunvaldis, tuliyemzika Oktoba,
bado anafungua hifadhidata kila alfajiri,
saa kumi na dakika tano, bila kuchelewa.

Akamtengenezea mrithi, akaunti isiyo na uso.
Jina la mzee hakulifuta. Alilizima tu.

Karatasi akaibandua; gundi ikakataa kutoka.
Akatoka kwenye akaunti, akazima taa,
akasimama mlangoni na koti begani
mpaka kompresa ya tangi la tatu
ikakohoa, ikanguruma.