Hongera kwa Lifti

Jengo letu la Wrocław lina ghorofa sita
na lifti iliyokufa tangu wiki ya Pasaka.
Kwenye ngazi tunapishana kwa adabu:
"Habari za asubuhi, Bwana Zdzisław,"
naye huinua kofia, hushika ukuta, hupumua.
Usiku, simu zikishawaka,
kundi la wapangaji hugeuka jiko la vijembe.

"Hongera kwa uongozi," anaandika,
"kwa kutuotesha miguu ya mbuzi wa mlimani.
Bure! Wenzetu hulipia mazoezi."
Vinafuata vicheko kumi na viwili, vya manjano, vyenye machozi.
Bożena wa chini anaongeza:
"Naomba na maji yakatwe, nisije nikazoea raha."

Kwa nini hakuna anayeandika, magoti yananiuma?
Kwa nini hakuna anayeandika, naogopa
siku nitakayoshindwa kufika mlangoni?

Labda kwa sababu ukisema umeumia
sharti ungoje jibu,
na kungoja mbele ya kioo ni kusimama uchi dirishani.
Kejeli haingoji. Ina mlango wa nyuma:
wakikasirika, "Aa, nilikuwa natania."
Labda ni kwa kuwa herufi hazina nyusi,
hazina ile sauti inayoshuka mwishoni mwa neno,
basi tunazipaka pilipili zionekane hai.
Au jambo ni dogo kuliko hayo:
kumchoma mtu usiyemwona akifumba macho
hakuhitaji ujasiri.
Nami nimechoma.

Juni, Bibi Ludwika wa ghorofa ya sita
akanunuliwa simu na mjukuu, akaingia kundini.
Akasoma. Akajibu kwa herufi kubwa tupu,
hakujua zinapunguzwaje:
"ASANTE BWANA ZDZISŁAW.
MIGUU YANGU BADO SI YA MBUZI.
SIJASHUKA SIKU ISHIRINI NA SITA.
NANI ANAKWENDA KUNUNUA MKATE?"

Kimya.
Fulani anaandika. Fulani kaacha kuandika.
Nilikuwa na utani mtamu kwenye ncha ya kidole,
nikaufuta, herufi baada ya herufi.

Asubuhi mlangoni pake palikuwa na mikate minne,
mingi mno kwa kikongwe mmoja,
na Zdzisław kaketi kwenye ngazi za ghorofa ya tano,
kofia magotini, anahema.
Nikamwambia, "Hongera."
Akanikazia macho usoni kwa muda mrefu,
akitafuta kijembe kimefichwa wapi.